Mguu wa Ishirini na Nane

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni. Bi Kidawa alikuwa mezani, akilehemu miguu ya chipu, mmoja mmoja, kwenye kaseti ya gemu aliyoiunda mwenyewe. Tangu apate kiharusi mkono ulimtetemeka, na alikuwa amemwahidi fundi mwenzake, Nasoro, kwamba akishindwa leo atampa vifaa vyake vyote.

Nasoro aliingia. "Umefika mguu wa ngapi, dada?"

"Wa ishirini na nane, wa mwisho. Nyamaza, hata pua yako ina kelele."

Nasoro alicheka, akaisogeza taa karibu naye, akaishikilia hapo bila kuambiwa. Bi Kidawa aliegemeza kiwiko, akangoja mtetemo upite, kisha akaugusa mguu kwa ncha ya chuma cha moto. Risasi ikayeyuka, ikang'aa.

Akachomeka kaseti kwenye mashine ya gemu. Kioo cha runinga kikabaki cheusi. Nasoro akanyoosha mkono aitoe aipulize, kama walivyozoea utotoni.

"Acha! Mate yako yataleta kutu. Ngoja."

Muziki ukalia. Sungura wa kijani akaruka juu ya wingu.

"Vifaa vinabaki kuwa vyako, dada," alisema Nasoro, akifuta macho.

"Shika pedi ya pili ya kuchezea. Nitakufunga leo, na kesho uje tena nikufunge."