Miaka Ishirini na Miwili Bila Mkwaruzo

"Haliwezi kutoka," dereva alisema, kichwa chake kikiwa bado ndani ya boneti. "Oili imeanza kuchoka."

Mkurugenzi mpya akakitazama kijiti cha kupimia oili kilichoinuliwa mbele ya pua yake. Ncha yake iling'aa kama asali.

"Mzee wangu, si uliibadilisha juzi?"

"Juzi hiyo hiyo, mama. Lakini tangu hapo imekaa tu. Oili isiyo na kazi inachoka kuliko inayofanya kazi. Kama watu."

Mama huyo alikuwa na siku nne kazini, na gari la ofisi alikuwa hajalipanda hata mara moja. Jumatatu oili ilikuwa imepitisha tarehe. Jumanne ilibadilishwa, na oili mpya, alielezwa kwa upole, haikurupushwi. Huachwa ilale kwenye injini, izoee. Jumatano ilikuwa bado inazoea. Siku zote tatu alipanda teksi, akafika alikokwenda amevimba kwa hasira.

Ofisi nzima ilikuwa upande wa dereva. Ukweli usemwe, kwa kutunza gari hakuwa na mpinzani. Hata kwenye usaili aliulizwa swali moja tu: ukikabidhiwa gari, utaanza na nini? Akajibu, "Oili." Jopo lilikuwa na njaa, likamwajiri palepale na kwenda kula.

Tangu siku hiyo hakuwaangusha. Aliiwasha injini ipate joto, akalala chini juu ya gunia, akafungua nati na kuisubiri oili ichuruzike kwenye beseni mpaka tone la mwisho. Kisha filta mpya, kisha oili mpya, akiimimina taratibu kama anayemnywesha mgonjwa uji. Gari lililoshushwa kwenye lori miaka ishirini na miwili iliyopita lilikuwa bado na nailoni za kiwandani kwenye viti. Madereva wa ofisi jirani walishagonga nguzo, mitaro na ukuta wa posta. Yeye hata mkwaruzo.

Wakurugenzi wanne walimpitia. Wa kwanza alikuwa na kisukari, akaambiwa na daktari atembee kwa miguu. Wa pili alikuja na gari lake. Wa tatu alithubutu kubisha kuhusu oili, akapigwa somo la saa nzima na kunyoosha mikono. Wa nne alipata habari za wa tatu, hakuuliza kitu.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na kesho yake dereva alikuwa anastaafu. Cheti kilishatiwa kwenye fremu: Dereva Bora, Miaka Ishirini na Miwili Bila Ajali. Kingesomwa kwa sauti kwenye sherehe ya kumuaga, mbele ya watu wote, na miongoni mwa watu hao angekuwamo mama mkwe wake. Bibi huyo alimwita mzururaji siku ya posa, ukoo mzima ukisikia, na mpaka leo hajalifuta neno lake. Safari hii amekubali kuja kusikia kwa masikio yake. Dereva aliitaka siku hii moja tu ipite salama.

"Saa tisa kamili natia saini mkataba wa jengo jipya," mkurugenzi alisema. "Teksi nimepiga simu, hakuna hata moja. Kama oili imechoka, ibadilishe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nakungoja."

Hilo dereva hakulitegemea. Akaenda kuchukua gunia. Mkurugenzi akasimama pale pale, faili kwapani, akimhesabia matone. Dereva akaiosha nati kwa petroli, akaikausha, akaiosha tena. Akaifuta filta mpya ambayo haikuwa na vumbi. Akamimina oili tone kwa tone.

"Inabidi ipumzike, mama."

"Itapumzikia njiani."

Katibu muhtasi akatoa kichwa dirishani. "Mama, mwonee huruma baba wa watu! Amebakiza siku moja!"

"Ndiyo maana nataka aniendeshe leo. Tangu nifike nasikia sifa zake tu. Kesho na mimi nikisimama pale nisimulie niliyoyaona, siyo ya kuambiwa."

Mkurugenzi akaingia, akakaa mbele, akafunga mkanda. Dereva alilizunguka gari zima mara mbili kabla ya kuingia. Akafuta usukani. Akarekebisha kioo, akajitazama humo, akakirekebisha tena. Kisha akazungusha ufunguo na injini ikaitika mara moja, laini kabisa, bila kukohoa.

Uwanja wa ofisi ulikuwa na mteremko mkali mpaka getini, na geti lilikuwa wazi. Nje yake malori yalikuwa yakipita yakifuatana. Mlinzi akang'oa mawe mawili yaliyokuwa chini ya matairi tangu enzi za mkurugenzi wa pili, akapiga saluti. Gari likaanza kusogea lenyewe, kwanza taratibu, halafu si taratibu sana. Wafanyakazi wakajaa madirishani wakipiga makofi na vigelegele.

"Unaona, mzee wangu?" mkurugenzi alisema, akijiegemeza kwenye kiti. "Kumbe oili haina neno."

"Haina neno kabisa, mama." Dereva akainama, akachungulia chini ya usukani, kisha akamgeukia kwa adabu zake zote. "Ila nisaidie upesi kidogo. Kati ya hizi pedali tatu, breki ni ipi?"