Matawi ya Hondohondo

Hondohondo alianza kuwatafutia wenzake kazi kwa sauti yake tu. Akisikia mchimbaji anatakiwa mahali, huruka hadi shimoni kwa Muhanga, mteja wake wa kwanza, na kupaza sauti: “Muhanga ee, kazi imepatikana!”

Kampuni ikakua. Ikawa na tawi katika kila mti, na kila tawi lina Kasuku wa kuwapokea waombaji, aliyefundishwa neno moja: “Nenda nyumbani, tutakuita.”

Ukame ulipokuja, Muhanga alikwenda kuomba kazi, akajibiwa vivyo hivyo.

Baadaye tembo wakataka kuchimbiwa kisima. Hondohondo akamkumbuka Muhanga, akaenda mwenyewe. Shimoni akatoka jirani, Ngiri.

“Tumeshamzika, bwana.”

“Aliugua nini?”

“Njaa. Kila nikimwambia twende tukatafute chakula, anasema, ‘Hondohondo ameahidi kuniita. Asije akaniita nami sipo.’”

Hondohondo akainama mlangoni pa shimo, akaitoa ile sauti yake ya zamani: “Muhanga ee, kazi imepatikana!”

Juu yake, tawini, Kasuku akaitikia: “Nenda nyumbani, tutakuita.”