Mguu Uliopona

Daktari alibonyeza kifundo cha mguu wa Mizuho kwa kidole gumba, akauliza, "Hapa panauma?"

Hapakuuma. Palikuwa pameacha kuuma tangu wiki iliyopita, ila Mizuho hakumwambia mtu. Tangu alipoteleza kwenye boriti ya mazoezi na kuteguka mguu, binti huyu wa miaka kumi na sita, bingwa wa Japani wa jimnastiki, alikuwa akila wali akashiba na kulala mchana kweupe kama watoto wengine. Kurudi mazoezini hakutaka.

Mama yake na kocha waliketi pembeni, wameinama, macho yote kwenye mguu.

"Panauma," akasema Mizuho. Hakuwahi kuwadanganya wawili hao. Masikio yake yalipata moto.

Daktari alimtazama usoni kwa muda. Kisha akawageukia wakubwa. "Kama panauma, msimu huu apumzike."

Kocha akacheka kidogo. "Daktari, ubingwa wa mwaka jana aliuchukua na kidole kimevunjika. Huyu hatishiki na maumivu."

"Kweli kabisa," mama akadakia, machozi ya fahari yakimlengalenga. "Mwanangu hajawahi kulalamika. Au siyo, Mizuho?"

Mizuho alichukua soksi yake. Aliivaa polepole mno, vidole kwanza, halafu kisigino, akalainisha mkunjo mmoja mmoja mpaka haukubaki hata mmoja.

"Ndiyo, mama," akajibu.

Kocha alikuwa ameshamwekea viatu sakafuni, ncha zikiuelekea mlango.