Milango ya Uchochoro

Mkaguzi aliingia bila kupiga hodi, kwa kuwa amri mpya ya serikali ilimruhusu. Alikuwa msichana aitwaye Ruolan, amevaa viatu vipana vya ngozi, na mkononi alishika kikapu cha kukusanyia vitambaa ambavyo wanawake walifungwa miguuni tangu utotoni ili miguu ibaki midogo. Hii ilikuwa nyumba yake ya saba asubuhi hiyo.

"Fungua, bibi," alisema. "Desturi hii imekwisha."

Bibi Guizhi hakubisha. Alivua viatu vyake, vidogo kama vya mtoto mchanga, akaanza kukunjua kitambaa. Kilitoka mzunguko kwa mzunguko mpaka kikajaa mapajani. Vidole vyake vinne vilikuwa vimelala chini ya wayo, vimekunjwa tangu alipokuwa na miaka mitano. Akakunjua na mguu wa pili. Ruolan akatia vyote kikapuni, akaaga, akatoka.

"Mwanangu, nirudishie mlango. Theluji inaingia."

"Funga mwenyewe, bibi. Sasa miguu yako iko huru."

Bibi akasimama. Hatua ya kwanza aliimudu. Ya pili ilimwangusha, akakaa sakafuni akiishika miguu kwa mikono miwili.

"Mama alinifunga kitambaa hicho nikalia wiki nzima," alisema. "Siku hizi ndicho kinachonisimamisha."

Ruolan alitazama kikapuni. Vitambaa vilikuwa vimechanganyika, vyote vyeupe. Kisha akageuka kuutazama uchochoro alikotoka. Milango yote sita ya nyumba alizokwisha kupita ilikuwa wazi, na theluji ilikuwa ikiingia.