Maji Yalipotulia

Maji kwenye beseni yakatulia tuli.

Mama Pacha akabaki ameshika shati la mumewe, povu likimchuruzika viwikoni. Nyumba yake ilijengwa juu ya bwawa lililofukiwa, na kila kishindo cha mashine ya kiwandani kilipita kwenye udongo ule laini kikaja kuyachezesha maji. Nyumba ya jirani yake ilikuwa karibu zaidi na kiwanda, ila juu ya mwamba usiotikisika.

“Mwenzangu, mbona umeganda?” jirani akauliza.

“Mashine imesimama.”

“Kwani huwa inatembea?” Akacheka.

Mashine ile haizimwi mchana isipokuwa imemnasa mtu. Na anayeilisha chuma leo ni mumewe.

Mama Pacha akaanza kuisugua kola, ili tu maji yacheze tena.