Sinia la Upande wa Pili

Bi Tokie alimla samaki wa marehemu akiwa amesimama mbele ya sinki, mgongo kaupa mlango, bomba kalifungulia maji ili asisikike akitafuna.

Hakutumia hata vijiti vya kulia. Aliibandua nyama kwa vidole, akafuatisha wali, akagugumia supu iliyokwisha kupoa. Dakika tatu, kwisha. Kisha akaosha bakuli, akajifuta mdomo, akajiapia kwamba hiyo ni mara ya mwisho. Wiki iliyopita pia alijiapia hivyo hivyo.

Mgahawa wenyewe ulikuwa nyuma ya stesheni ya Okayama, Japani, meza saba na kaunta, chakula cha mchana cha watu wa maofisini. Bi Tokie, miaka hamsini na tisa, aliosha vyombo tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Wafanyakazi waliobaki hadi jioni walipewa chakula. Wanaotoka saa nane, hapana. Ndivyo alivyopanga zamani baba yake Kuwabara, na Kuwabara mwenyewe, kijana aliyerithi jiko pamoja na ukali wa baba yake, hakuona sababu ya kubadili. Masazo ya wateja yalikwenda pipani. Ambaye angeonekana akionja angefunga virago siku hiyo hiyo.

Kila Alhamisi saa saba alikuja Mzee Shimokawa. Aliketi meza ya pembeni, akaagiza masinia mawili: moja lake, la pili likawekwa mbele ya kiti kitupu. Aliinamisha kichwa, akala la kwake polepole, akaenda zake. Lile la upande wa pili hakuligusa. Hata vijiti vilibaki ndani ya karatasi yake.

"Anamwekea mkewe," Kuwabara alimnong'oneza Bi Tokie siku ya kwanza. "Sinia likirudi, mwaga. Na usimsumbue mzee wa watu kwa maswali."

"Mbona wali wa upande ule anataka bakuli kubwa?"

"Labda marehemu alikuwa mlaji, mama. Wewe inakuuma nini?"

Bi Tokie aliijua desturi hiyo. Bibi yake naye alimwekea marehemu babu bakuli la wali kila siku, miaka nenda miaka rudi. Lakini alijua pia kwamba chakula cha marehemu, kikiondolewa, huliwa na jamaa zake, si na muosha vyombo asiyemjua hata jina. Haki ya nani, kila tonge alilihesabu wizi. Na kila Alhamisi njaa ilimshinda nguvu, akala.

Jumanne iliyofuata binti yake Chizuru, mwenye mimba ya miezi saba, alilazwa hospitali. Daktari alisema mambo mengi ya kitaalamu kuhusu damu na kupumzika. Bi Tokie hakuyasikia. Yeye alisikia jambo moja tu, na lilitoka ndani yake mwenyewe: ni mimi. Nimemnyang'anya maiti chakula chake, sasa anakuja kuchukua kwangu.

Alhamisi ilipofika, Mzee Shimokawa alipokwisha kula na kuweka vijiti chini, Bi Tokie aliacha sinki. Alipita katikati ya meza na aproni yake iliyolowa, wateja wakimtazama, akasimama mbele ya mzee akainama mpaka paji la uso likakaribia meza.

"Mzee Shimokawa, nisamehe. Chakula cha mkeo mimi ndiye ninayekila. Miezi minne sasa. Njaa ilinitia wazimu, na aibu ikanifunga mdomo. Mwanangu yuko hospitalini, ana mimba. Nakuomba umwambie mkeo asimguse. Kama ni hasira, anione mimi."

Kule jikoni Kuwabara aliacha kikaango motoni, akachungulia. "Mama! Unasema umefanya nini?"

Mzee Shimokawa aliiva uso mpaka masikioni. Alitazama mlango, akatazama dari, akamtazama Kuwabara.

"Wewe kijana, geuza samaki wako, anaungua."

Kuwabara akageuka haraka. Mzee akasubiri mafuta yaanze tena kuchachatika, ndipo akamwinamia Bi Tokie na kushusha sauti.

"Mke wangu yuko nyumbani, mama. Magoti tu ndiyo yamemgomea. Mdomo mzima kabisa."

Bi Tokie aliinua kichwa.

"Miaka kumi na moja alisimama kwenye sinki lile lile, enzi za baba yake huyu, na yeye akitoka saa nane. Anajua masinia yakirudi yamejaa huishia tumboni mwa nani. Siku nilipomsimulia kwamba siku hizi kuna mama mmoja anaosha vyombo huku, alinipa amri: agiza mawili, jifanye una msiba, hakuna atakayekuuliza."

Akalisogeza sinia la upande wa pili, taratibu, mpaka likaigusa mikono ya Bi Tokie iliyolowa.

"Na kila Alhamisi nikifika mlangoni kwetu, hata viatu sijavua, huniuliza neno moja tu: 'Amekula?'"