Mkulima wa Mfano

Manyunyu yaliharibu mpango wote. Bonaventura alitaka kuwazungusha wageni shambani, waone mahindi, wapige picha, waondoke. Sasa walikuwa wamejazana sebuleni kwake, wengine wametoka mbali kama Dongobesh, wakisubiri awaeleze mbolea ya ruzuku ilivyomtoa kimaisha.

Viti havikutosha. Eva, mtaalamu wa kilimo, aliwaamkia wazee shikamoo, kisha akaketi pembeni kabisa, kwenye kiti kirefu kilichofunikwa kwa shuka la bluu.

"Mama, kiti chenu kigumu kweli," alimtania Fabiola, mke wa Bonaventura.

"Kiko hapo msimu wa pili sasa," Fabiola alijibu, akaenda kuangalia chai.

Uani, nyuma ya pikapu, kulikuwa na plau mpya, zawadi ya mkulima wa mfano. Plau ya Bonaventura ilikuwa imeungwaungwa kwa waya hadi ng'ombe wenyewe waliionea aibu. Aliitaka ile mpya mpaka usingizi ulimpaa.

Eva naye alikuwa na shida yake. Alikuwa amepita mashamba ya kata nzima, na hili la Bonaventura peke yake ndilo lililofaa kupigwa picha. Ripoti ilisubiriwa mjini jioni hiyohiyo.

"Mzee, tueleze," alisema, akampa kijana mmoja simu arekodi.

Bonaventura alisimama, akajifuta jasho.

"Mimi mnanijua. Shule nilichelewa, kuoa nilichelewa, na mbolea nayo nimechelewa kuiamini. Siku hizi nikipita shambani, mahindi yananiangalia kutoka juu kama baba mkwe."

Watu walicheka, naye akapata nguvu. Akasema ukipima kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, inatosha. Mgeni mmoja akauliza mbolea yenyewe ikoje ukiishika mkononi. Bonaventura akajibu kwamba ni laini, kama unga wa uji.

Jirani yake Ignasi akakohoa. Akakumbusha kwamba shamba hilo ndipo lilipokuwa zizi la marehemu baba yake Bonaventura, tena ng'ombe walilala pale miaka mingi. Watu wakamwambia aache wivu.

Eva akaona bora amalize kabla chai haijaletwa. Alisimama na kutangaza kwamba plau ni ya Mzee Bonaventura. Wote wakapiga makofi, wakageukia mlangoni kuitazama.

Koti la Eva lililolowa lilikuwa limenasa kwenye shuka. Shuka likavutika, likaanguka sakafuni. Aligeuka kuliokota.

Kile kiti kilikuwa mifuko ya mbolea ya ruzuku, imepangwa vizuri miwilimiwili, imeganda kama jiwe, na nyuzi zake za kiwandani hazijakatwa hata mmoja.

Bonaventura aliona aibu. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani mahindi yake yanyauke, yote, papo hapo.

Eva aliitazama mifuko. Akatazama mahindi kupitia dirishani. Akatazama simu, ambayo bado ilikuwa inarekodi wale waliosimama mlangoni. Kisha akalirudisha shuka taratibu, akalinyoosha kona zote, akaketi.

"Mzee," alisema, "hebu warudie hapo kwenye kizibo."